Kwa Miguu kutoka Feri hadi Kariakoo

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, Wamarekani waliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za satelaiti zao za GPS. Mpaka siku hiyo raia aliyekuwa na kifaa cha mkononi cha GPS alikuwa anadanganywa waziwazi: upo hapa, ongeza au punguza hata mita 100. Kwa sisi wapima ardhi mita 100 ni kiwanja cha jirani, na cha jirani yake, na barabara ya mtaa, na kesi mbili juu. Kulipokucha kosa likawa limeshuka hadi mita kumi au ishirini hivi. Ofisini tulishangilia kidogo, tukarudi kwenye mafaili yetu.

Kumbe kuna watu walioliona jambo lilelile wakafikiria kucheza. Tarehe 3 Mei, huko Oregon, jamaa aitwaye Dave Ulmer alificha msituni ndoo ya plastiki, ndani yake vikorokoro pamoja na kopo la maharage, akatangaza koodineti zake kwenye intaneti: atakayeiona achukue kitu, aache kitu, aandike jina daftarini. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashi, ambao leo unachezwa karibu dunia nzima. Watu wazima na akili zao wanafuata mshale kwenye simu kwenda kutafuta kikasha kilichofichwa chini ya jiwe. Ninaufahamu kwa sababu ya mjukuu wangu, mtoto wa mpwa wangu, aliyekuja na wenzake wawili kuniomba niwapangie njia ya kupita katikati ya mji wa Dar es Salaam. "Babu, wewe unajua bikoni zote," akaniambia. Mtoto ana ulimi wa kuombea.

Mji wenyewe haupendi vifurushi. Katikati ya Dar kuna Ikulu, bandari na majengo ya Benki Kuu, na kila lango lina mlinzi anayeona mbali. Kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa na Nairobi kwa wakati mmoja, bado haijafutika kwa walinzi wa rika langu. Nani atamweleza mlinzi wa zamu kwamba kopo lililofungwa kwa selotepu chini ya ngazi ni mchezo tu? Vijana nao walikwishafikiria hilo. Mchezo wao una namna ya pili isiyo na kikasha: mtu anafika penye koodineti, anaulizwa swali ambalo jibu lake liko papo hapo, amesoma kibao au amehesabu madirisha, anatuma jibu. Mimi nikaona hiyo ndiyo afadhali. Kibaoni lazima usome, na mji huu una vibao vingi ambavyo hakuna anayevisoma.

Neno moja la kazi kabla hatujaondoka. Ramani zetu za zamani, zile za karatasi za kipimo cha 1:50,000 nilizobeba kwenye mrija nusu ya maisha yangu, zilichorwa kwa msingi tunaouita Arc 1960. GPS inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za simu ukazitia kwenye ramani ya zamani bila kuzigeuza, nukta yako inaangukia karibu mita 300 kusini ya mahali ulipo kweli, na kidogo mashariki. Yaani ukisimama penye Sanamu ya Askari, katikati ya mji, ramani itakuambia unakaribia kulowana bandarini. Nimeona viwanja vikigombaniwa kwa sababu hiyo tu, watu wakiitana wezi, na wote wamepimiwa sawa ila kwa misingi miwili. Ukielewa hilo huwezi tena kuamini kwamba mahali ni namba. Namba ni makubaliano, na mwenye nguvu ndiye anayeamua tukubaliane vipi.

Tulianzia Feri, kwenye harufu ya samaki wa kukaanga, kwa kuwa mji huu ulijengwa utazamwe kutoka majini. Mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba Agosti 1914, manowari za Waingereza zilipotokea, Wajerumani waliizamisha gudi yao ya kuelea palepale mlangoni wazuie njia. Aliyeingia salama kabla ya hapo alikutana na safu ya majengo meupe yenye mapaa ya vigae vyekundu, na juu yake mnara wa kanisa. Ndiyo salamu aliyopewa kila mgeni: kwanza kanisa, halafu ofisi.

Mnara huo ni wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1890, na ukilitazama kutoka Barabara ya Sokoine unaona wazi kwamba fundi alikuwa anakumbuka kwao: mnara mrefu wenye kofia ya vigae, na juu ya madirisha vijipaa vidogo vya vigae hivyohivyo. Ila hivyo vijipaa si urembo mtupu. Simama chini yake saa saba mchana utaelewa vinafanya kazi gani, na masika utaelewa zaidi. Jina limetokana na barabara ya ufukweni kama ilivyoitwa enzi za Waingereza, jina la barabara likafa, la kanisa likabaki. Leo ni kanisa kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT, na Jumapili nafasi ya kuegesha gari haipatikani. Vijana waliweka swali lao hapa kuhusu vijipaa, vingapi upande wa baharini. Sawa, lipite.

Mwendo wa dakika chache kwenye barabara hiyohiyo lipo la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, na hapo niliwazuia wasikimbilie kuhesabu. Kanisa hili lina habari nzito kuliko mnara wake. Wabenediktini wa St. Ottilien walifika mwaka 1888 wakaweka misheni yao Pugu, nyuma kidogo ya mji. Januari 1889, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipowaka pwani nzima, Pugu ikavamiwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakatekwa. Waliorudi wakajibana karibu na bandari, chini ya mizinga ya serikali yao, na ndipo wakajenga kanisa hili kati ya 1897 na 1902: matao yaliyochongoka, madirisha membamba ya vioo vya rangi, mnara mkali kama sindano ya kushonea gunia. Likatabarukiwa 1905. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, askofu wake, Cassian Spiss, akiwa safarini kuelekea Peramiho na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale, katika siku za mwanzo za vita vya Maji Maji.

Kijana mmoja akaniuliza kama kuna mnara wa Maji Maji kwenye njia yetu. Hakuna. Mnara wa vita hivyo uko Songea, kilomita karibu elfu moja kutoka hapa. Vita vilivyoua watu ambao makadirio ya chini kabisa ni 75,000, na ya juu yanafika 300,000, havikuachiwa jiwe kwenye ufukwe huu. Aliyeuawa akiwa na kanisa analo kanisa. Ambaye alikuwa na shamba la mtama lililochomwa moto, hana alama. Silaumu kanisa kwa hilo. Nasema tu kwamba ukiwapa vijana njia ya kupita "makanisa na minara" umekwishaamua nani wanakwenda kumwona.

Kwenye safu hiyohiyo pana jengo la ghorofa la zamani za Sultani wa Zanzibar, Nyumba ya Atiman, ambalo watu hupita wakilitazama kama ofisi ya kawaida. Adrian Atiman alizaliwa maeneo ya Timbuktu miaka ya 1860, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe wakamkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67 kijijini kwa kazi moja. Sijui jengo jingine katikati ya mji huu lenye jina la mtu aliyewahi kupangiwa bei sokoni. Vijana hawakuwa wameliweka kwenye orodha kwa kuwa si kanisa wala si sanamu. Tukaliweka.

Boma la Kale tulilipita upesi kwa kuwa ndani yake mtu anaweza kupoteza siku. Lilijengwa 1866 na 1867 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa anajenga mji wake mpya juu ya kijiji cha Mzizima. Alitaka wageni wake walale pazuri humo, na wakati ule pazuri maana yake ni kuta nene za matumbawe, mlango wa nakshi na dari ya boriti za mikoko. Majid alikufa 1870, ndugu yake Barghash akaupa mji kisogo, nao ukalala mpaka Wajerumani walipoukuta 1887. Ninachopenda kuwaonyesha watu ni vyumba: vyote vyembamba. Upana wa chumba cha zamani pwani haukuamuliwa na mwenye nyumba wala na fundi, uliamuliwa na mti. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ukizidisha upana dari inabonyea. Ndiyo maana ukipima nyumba za zamani Bagamoyo, Lamu, Unguja na hapa, futi yako inakuletea namba zilezile, na hakuna aliyeandikiana barua na mwenzake.

Mnara wa Saa, karibu na stesheni, ulisimamishwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji Desemba 1961. Ni mnara wa saruji, una saa, saa yenyewe mimi sijawahi kuiamini. Stesheni iliyo nyuma ndiyo yenye maana: reli ilianza kujengwa hapa 1905 ikafika Kigoma mapema 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walikuwa wamemaliza kujenga njia ambayo adui yao angekuja kuitumia.

Kutoka hapo tukarudi mashariki kwa Barabara ya Samora, tukipishana na wauza vitabu vya mitumba, wauza miwani na waliokaa tu. Mwisho wa mwendo ule, penye makutano na Azikiwe, yuko yeye.

Dar es Salaam nzima inamjua na hakuna anayemtazama. Askari wa shaba nyeusi, ameinama kidogo mbele, mguu mmoja umetangulia, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Alichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, akayeyushiwa shaba London, akaonyeshwa kwanza Royal Academy kabla ya kupakiwa melini, na akazinduliwa hapa 1927. Wazee wa mji hawakuwa wakimwita Askari. Walisema "sanamu la Bismini", na nilipokuwa mdogo nilidhani Bismini ni jina la huyu mtu mweusi mwenye bunduki.

Bismini ni Hermann von Wissmann. Ndiye aliyetumwa na Berlin 1889 kuzima vita vya Abushiri, na Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Jeshi alilokuja nalo halikuwa la Wajerumani. Alikwenda Cairo akaajiri Wasudani walioachishwa kazi katika jeshi la Misri, kisha akachukua wengine kusini mwa Msumbiji. Hao ndio askari wa mwanzo wa Mjerumani, wageni kwa wageni, walioletwa kupiga watu wa pwani. Alipokwishakufa, mwaka 1909 mji ukasimamishiwa sanamu yake: Bwana Wissmann juu, kofia ya jua kichwani, anatazama bandari, na chini miguuni pake askari wa Kiafrika anamfunika simba anayekufa kwa bendera ya Kaiser. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916 wakaiona, wakaing'oa, ikapelekwa London kama nyara. Baadaye waliwarudishia Wajerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922, na hapo wanafunzi wa Kijerumani wakaiangusha kwa kamba 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena 1968. Wakati huo hapa kwetu tulikuwa na Azimio la Arusha na hakuna aliyekuwa anafikiria habari za Bismini, ila wazee bado walikuwa wakisema, "Tukutane kwa Bismini."

Kwa hiyo hesabu ni hii. Mjerumani aliondoka na sanamu yake, yule askari wa miguuni akapanda juu ya kiguzo peke yake, akavalishwa sare ya Mwingereza, na jina la bwana wake wa zamani likambakia mgongoni. Halafu tena, barabara inayompita, iliyokuwa Acacia, ikawa Independence, sasa ina jina la Samora Machel, mtu wa Gaza, kusini kulekule kwa Msumbiji Wissmann alikokwenda kukusanya vijana wa kukodi. Sidhani kama waliobadilisha jina walilikumbuka hilo. Mimi lilinijia siku nilipokuwa nasubiri taa za barabarani.

Kibao cha chini kina lugha tatu: Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yanahusishwa na Rudyard Kipling. Swali la vijana lilikuwa jepesi: lugha ngapi, na vita gani. Nikawaambia wasome mpaka mwisho, maana baada ya askari wametajwa wachukuzi, waliofananishwa na viungo vya mwili wa jeshi, kwamba wao walikuwa miguu yake na mikono yake. Ni maneno mazuri. Ni kweli pia, na ukweli wake unatisha: jeshi lilikuwa na mwili mzima wa watu, na huyu mmoja wa shaba ndiye aliyepandishwa juu.

Mchongaji huyohuyo, Stevenson, aliwasimamishia watu wa Nairobi sanamu tatu kwenye kiguzo kimoja, na mmoja kati ya hao watatu ni mchukuzi. Sisi juu ya kiguzo tulipewa askari peke yake. Pengine ni bei tu. Lakini nchi iliyopigwa na vita vile kuliko nyingine zote za Afrika Mashariki ilikuwa hii, na walioumaliza mwendo wake kwa miguu walikuwa wachukuzi. Malori yalikwama, farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25, mbali na blanketi lake na posho yake. Pande zote mbili ziliwatumia, ule wa Mjerumani chini ya kamanda wake Lettow-Vorbeck na ule wa Mwingereza. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia, unga wa mahindi usioiva vizuri kwa watu waliozoea ndizi au muhogo, na mvua. Idadi yao inahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mishahara mingi ya waliokufa haikufika kwa mtu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mluguru. Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, na watu wazima wa kijijini kwake wakachukuliwa kutoka shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Yeye alibebeshwa sanduku la risasi kwa mzegazega, mti mmoja juu ya mabega ya watu wawili, mzigo unaning'inia katikati. Ubaya wa mzegazega ni kwamba mwenzako akijikwaa umejikwaa, akiugua unabeba wewe. Mwenzake aliugua tumbo mahali fulani kusini mwa Rufiji. Babu alimsimulia mama kwamba walimwachia kibuyu cha maji kando ya njia wakapewa mtu mwingine wa kushika ncha ya mti, na safari ikaendelea kabla jua halijasogea. Jina la yule mtu hakulitaja, au mama hakulishika. Babu alirudi na sugu ya bega ambayo watoto walikuwa wakiigonga kwa kucha kusikia mlio wake. Hakuwahi kufika Dar es Salaam kuliona sanamu.

Niliwaeleza vijana hayo tukiwa tumesimama kwenye kijikisiwa cha katikati ya barabara, bajaji zikitupigia honi. Mmoja aliandika. Mwingine alikuwa anahangaika na simu, maana majengo marefu ya pale yanarusharusha ishara za satelaiti na nukta yake ilikuwa imehamia ndani ya benki. Tulipoanza kupiga picha mlinzi akaja kutuuliza kibali. Nilimwonyesha mvi zangu, akasema "Shikamoo mzee, ila msipige upande ule," tukaelewana.

Kanisa la Mtakatifu Albano, la Waanglikana, liko mbele ukifuata Azikiwe hadi inapokutana na barabara ya Upanga. Waingereza walilijenga kwa mfano wa lile la Mkunazini, Zanzibar, na gavana wao ndipo alipokuwa akisali. Nje limepoa, lina miti, na kwa kweli lilitufaa zaidi kwa kivuli kuliko kwa historia. Lile la Mkunazini lilijengwa juu ya soko la watumwa, na madhabahu yake ipo karibu na palipokuwa na mti wa kuchapia. Hili la Dar limechukua umbo tu.

Kutoka hapo tukashika Barabara ya Bibi Titi kuelekea bustani za Mnazi Mmoja. Bustani hizi zina historia ya kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Tangu kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 mji uligawanywa kwa aina ya nyumba, yaani kwa aina ya watu: mawe karibu na bahari, udongo na makuti mbali. Waingereza wakaongeza uwazi katikati, ukanda wa nyasi wa kutenganisha Uhindini na Uswahilini. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Ukiwatengea watu uwanja mkubwa mtupu kati ya makazi yao na yenu, mjue watakuja kuutumia. TANU ilipozaliwa Julai 1954, makao yake yakiwa New Street, ambayo sasa ni Lumumba, hatua chache tu kutoka hapo, mikutano ilipata uwanja ambao serikali yenyewe ilikuwa imeufyeka. Leo umesimama pale mnara wa Mwenge wa Uhuru, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, watu hukusanyika Mnazi Mmoja. Swali la vijana: mwenge uliwashwa juu ya mlima gani? Kila mtoto wa darasa la nne anajua, lakini basi, hata wageni wanahitaji swali rahisi.

Hapo ndipo orodha yao ilipokuwa inaishia. Nikawaambia haijaisha.

"Mzee, Kariakoo hakuna mnara," akasema yule mwenye simu. "Na simu zetu zitaondoka."

Nikamjibu kwamba Kariakoo yenyewe ndiyo mnara. Wajerumani walikuwa wanajenga pale jengo kubwa la soko, vita vikaanza likiwa karibu kukamilika. Waingereza walipouteka mji wakayafanya maeneo yale kambi ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, ambacho midomo ya watu ililainisha kuwa Kariakoo, kama Nairobi walivyosema Kariokor. Hapo ndipo watu walipokusanywa, wakahesabiwa, wakagawiwa blanketi na mzigo. Soko likafunguliwa baada ya vita, mwaka 1923. Lile jengo la Wajerumani lilivunjwa miaka ya 1970 na nafasi yake ikachukuliwa na kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo wa kwanza mzalendo katika Afrika Mashariki: paa la zege la miavuli mikubwa iliyopinduka, ambayo mvua ikinyesha inakusanya maji ndani ya nguzo badala ya kuyamwagia watu. Nilipokuwa kijana mshika cheni tulitumwa huko kupima, na siku nzima nilikuwa natazama juu. Julai 2021 soko hilo liliungua usiku, na wafanyabiashara waliamka wakiwa hawana mtaji.

Kwa hiyo tulikwenda. Mtaa wa Msimbazi haupitiki kwa unyoofu, unapita kwa kusukumwa. "Pisha mzigo! Pisha mzigo!" Kijana mmoja mwembamba alitupita amebeba gunia la viazi mgongoni, lumbesa, lile lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kilemba kipo kwa sababu sheria ipo. Miguu yake ilikuwa na ndala za plastiki zilizoshonwa kwa waya. Alilitua kwenye guta, akajifuta uso na fulana, akarudi mbio kuchukua jingine, maana analipwa kwa gunia.

Vijana walinigeukia: "Sasa hapa swali ni lipi, Babu?"

Nikawapa hili: mfuate mbeba mzigo mmoja, umsubiri atue, umnunulie maji, umwulize leo amebeba magunia mangapi na kwa shilingi ngapi gunia moja. Jibu lake ndilo jibu.

Wamegoma. Wanasema programu inataka jibu moja lisilobadilika, la mtu wa leo lifanane na la mtu wa mwakani, vinginevyo wasimamizi wa mchezo watalikataa. Nimewaambia waandike maelezo vizuri, walipeleke hivyohivyo, na sanduku la maoni lipo kwa ajili hiyo. Mjukuu wangu ananiambia wamelikataa mara moja na wamelipeleka tena, wakiwa wameongeza koodineti nilizopima mwenyewe pembeni ya lango la sokoni, desimali tano, WGS84.